Kitenge Juu ya Mashine

Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari ya Mbarara tu hunimaliza. Tukikaribia Ruti, mlangoni mwa mji, nimeshatapika na kutubu dhambi zote. Mdogo wangu, niliyembeba mgongoni, ndiye hupanda ndege ndogo na kuingia mawinguni juu ya barafu, mwisho wa dunia. Huchunguza chembe za vumbi na chumvi ambazo mvuke huzishika ukawa wingu. Yeye na wenzake wanatafuta kujua kama mawingu yakifanywa meupe zaidi yataikinga barafu na jua. Nilifika sekondari, kwa hiyo naelewa kiasi cha kutosha kuogopa.

Hapa kwangu, kambi ya wakimbizi ya Juru, mdogo wangu alifunga ukutani mashine inayopima moshi na vumbi, ikimtumia vipimo yenyewe.

"Kesho tunaruka. Jioni nitakupigia," aliandika. Kesho yake jioni simu haikuja. Nilimpigia mpaka simu yangu ikaisha chaji. Asubuhi nikaamua kwenda Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, kwa mama Mwislamu aliyempangisha mdogo wangu chumba alipokuwa akisoma huko. Labda ana habari. Majirani walikuwa wanapiga maharage kwa fimbo, vumbi tele. Nikaifunika mashine kwa kitenge, nikakaza kamba. Kitu cha mtu hutunzwa.

"Nyabo, mama, leo umetoka nyumbani?" yule mama akanitania. "Basi dunia imeisha!"

Akanimiminia chai. Simu yake ikalia. Akasikiliza, akaninyooshea. Sikuipokea upesi, simu ya msiba naijua.

"Yaya? Yaya, uko muzima?" Ni mdogo wangu tu aniitaye Yaya, dada mkubwa, naye alikuwa analia.

"Si wewe ndiye uko mu barafu!"

"Upepo ulitufungia, hatukuruka, na mtandao ukakatika mpaka leo; nakupigia, simu yako imezima. Lakini hewa ya Juru iko safi tangu asubuhi! Hakuna moshi, hakuna vumbi. Nikasema batu bote bamekimbia."

Asubuhi tuliyokimbia vita Kivu hakuna jiko lililowashwa. Alikuwa mgongoni mwangu. Sikujua anakumbuka.

"Ni kitenge," nikasema. "Niliifunika isichafuke."

"Umefunika mashine ya vumbi, vumbi isiingie?"

Mwenye nyumba alicheka hadi akamwaga chai.

"Enda ufunue, Yaya. Kesho tunaruka. Mbele ya kuruka nataka nione moshi yako."

Nilirudi, nikaifunua, nikawasha kuni mbichi. Kesho yake macho yaliniwasha kutwa, nami sikuthubutu kuacha kuchochea.