Dhambi ya Kuazima

Niliolewa Muhuru, kando ya ziwa, Uhuru ukiwa na umri wa miaka miwili na mimi kumi na minane. Kwa desturi yetu bibi harusi hapewi jiko lake mara moja. Hupikia kwa mama mkwe mpaka aonekane amekomaa. Kwa hiyo mwaka wangu wa kwanza niliumaliza katika moshi wa mama mkwe, nikikaanga omena, dagaa wa ziwa letu, na kusikiliza habari za wokovu.

Yeye alikuwa ameokoka siku nyingi. Wanawake waliookoka walikutana kanisani kila Alhamisi mchana, na aliyetaka kujiunga nao alisimama akazitaja dhambi zake mbele ya wote, bila kuzifunikafunika. Mmoja alikiri kumroga shemeji yake. Mwingine alikiri kuvuna usiku mahindi ya jirani. Wakishamaliza waliimbiwa na kukumbatiwa, nami kwenye mkeka wa nyuma niliona wivu. Nilikuwa na mimba ya kwanza. Mwezi ule tulikuwa tumemzika jirani aliyefia uzazini, na nilitaka kuokoka kabla siku yangu haijafika. Niliogopa sana, sina sababu ya kujidai leo.

Taabu yangu ni kwamba sikuwa na dhambi ya maana. Kumnunia mume? Kusinzia wakati wa sala? Nani aimbiwe kwa hayo? Niliamini lazima nipeleke kitu pale mbele, tena kizito, ndipo Mungu naye atoe chake.

Basi nikaona cha kupeleka. Nyumbani kwetu kulikuwa na ugomvi. Marehemu baba mkwe aliacha wake wawili: mama mkwe wangu, na mwingine tuliyemwita mama mdogo, ambaye nyumba yake ilitazamana na yetu. Wawili hawa hawakuwa wamesemezana tangu mavuno, kwa sababu kuku wa mama mdogo alipotea, naye akasema waziwazi kwamba aliishia katika chungu cha mke mwenzake. Zamani kwetu mwanamke hakula kuku; kuku alikuwa wa wanaume na wageni. Waliookoka walisema hiyo ni mila tu, lakini wa rika la mama mkwe sikumjua hata mmoja aliyethubutu. Tuhuma ile ilikuwa na aibu mbili, ya wizi na ya ulafi.

Alhamisi iliyofuata nikasimama. "Kuku wa mama mdogo nilimchukua mimi," nikasema. "Nikampika, nikamla peke yangu."

Kanisa zima lilishangilia. Mama mdogo, ambaye naye alikuwamo kanisani, alimwendea mama mkwe, akampigia magoti, akamwomba radhi kwa kumsingizia, na wote wawili wakalia. Nami nililia, maana sikujua kwamba uongo unaweza kuwa mtamu namna ile. Ilikuwa desturi ya waliookoka kurudisha walichoiba, kwa hiyo jioni nilimpelekea mama mdogo kuku jike niliyepewa na mama yangu siku nilipoolewa. Sikuwa na mwingine.

Wokovu wangu haukukaa hata wiki mbili. Kila nikiomba nilijua nimejiingiza kwa mlango wa nyuma. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na tumbo langu lilikuwa likikua. Lakini kama ningesema kweli, wale wawili wangeanza ugomvi upya.

Asubuhi moja, tukichambua omena, nikashindwa kuvumilia. "Mama, yule kuku sikumwiba. Nilisema uongo ili niokoke."

Hakuinua macho. "Najua."

"Umejuaje, Mama?"

"Nilimla mimi."

Aliendelea kutoa changarawe katika samaki. "Nimewapikia wanaume kuku tangu niolewe. Mimi nilionja mchuzi tu, kuangalia chumvi. Siku ile aliingia humu ndani mwenyewe, nikafunga mlango. Nilitaka kujua, basi." Kisha mikono yake ikasimama. "Miaka yote nawaambia watu kuna Mmoja aliyebeba dhambi isiyo yake. Nilikuwa nasema tu, mwanangu. Wewe uliposimama ukaitaja yangu, nilitamani ardhi ipasuke. Halafu nikanyamaza, nikakuacha uibebe."

Nilikasirika. Aliniona nikimtoa kuku wangu wa pekee, naye kimya! Lakini alikuwa ameshanyanyuka, ananawa mikono, anavuka ua kwenda kwa mama mdogo. Nikamfuata.

Alisimama mlangoni akasema yote, hata ule mlango aliofunga.

"Nilikupigia magoti!" mama mdogo akafoka. "Mbele ya kanisa zima!"

"Ulinipigia. Nitakutafutia kuku mwingine."

Mama mdogo akapita katikati yetu akatoka nje. Tukasikia kuku akilia. Aliporudi alikuwa amemshika kuku wangu, ameshachinjwa, akaniamuru nichemshe maji.

"Na huyo mwingine nikuletee lini?" mama mkwe akauliza.

"Wa nini? Si nilishaletewa?"

Nilipika mchana ule, jua likiwaka na milango yote wazi. Mama mdogo alipakua mwenyewe. Firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye mji, alimwekea mama mkwe mbele. "Kula, nyieka," akasema. Ndivyo Wajaluo tunavyomwita mke mwenza.

Mama mkwe alikuwa amewafundisha wanawake wa Muhuru jinsi ya kuokoka. Sasa alikaa mikono mapajani, akisema hastahili.

"Sikukuuliza kama unastahili. Chakula kinapoa."

Ilichukua muda. Hatimaye akanyoosha mkono, akala, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya jiko. Sikuwa na dhambi kubwa ya kutoa, wala kuku mwingine, na uongo wangu ulikuwa umejulikana kwa wote wawili. Nikakaa chini karibu nao, nikaomba nami nipewe.