Bampa la Reli

Kwa nini winchi isifungwe juu ya bampa? Niliuliza swali hilo mara mbili katika gereji moja ya Cheyo, mjini Tabora, na mara zote mbili watu walicheka.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilitoka chuo kikuu moja kwa moja hadi ofisi ya mkoa, na tabia yangu ya kuhoji kila kitu nikaja nayo. Niliuliza kwa nini kijiji kipya kiwe hapa na si pale, na nani aliyepima maji yake. Nikiambiwa kwamba barabara ya magharibi inafuata njia ya zamani ya misafara, na kwamba kila mtu anajua hivyo, niliuliza kila mtu ni nani. Sikupata marafiki wengi.

Gari la ofisi lilikuwa na bampa ambalo halikutoka kiwandani. Kilikuwa kipande cha reli, kimefungwa mbele kwa bolti nene kama kidole gumba. Dereva wetu, mtu wa makamo asiyependa maneno, ndiye aliyekitengenezesha miaka ya nyuma kwa ajili ya visiki vya porini. Kisha ikaja amri ya watu wote kuhamia vijiji vya ujamaa, na bampa likapata kazi nyingine. Pale mwenye nyumba alipokataa kuondoka, gari lilisogezwa polepole hadi reli ikagusa ukuta, dereva akakanyaga mafuta, na udongo ukalala. Hakuna aliyelazimika kushuka garini. Niliona mara moja. Sigara ya mkuu wa msafara ilikuwa haijafika nusu.

Safari iliyofuata ilikuwa ya upande wa Usinge, na katika makazi yaliyopaswa kuondolewa kulikuwa na nyumba ya mama yake dereva. Haikuwa siri. Dereva alimwambia mkuu mbele yetu sote. Mama hakukataa kuhama, ila aliomba asubiriwe ang'oe karanga zake, azikaushe, azitie maguniani, ndipo aondoke. Mkuu alijibu kwamba wenye mashamba wote wanasema hivyo. Ni kweli, wote walisema hivyo. Dereva akaitikia, akatoka kwenda kuosha gari.

Siku hizohizo ikafika winchi, mashine ya waya na ndoano ya kujivutia topeni, ambayo mkuu alikuwa akiililia tangu mvua zianze, kwa sababu gari lilikuwa likizama kwenye mbuga za udongo mweusi na kuvutwa na ng'ombe. Mimi na dereva tukatumwa gereji. Nadhani mimi nilitumwa ili ofisi ipumue.

Fundi alikuwa mzee wa mjini, kofia yake ya kufuma imeingia mafuta. Alipojua kwamba mimi ni Mzaramo alifurahi, maana Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu wapagazi wa huku walipokuwa wakishuka pwani na pembe mabegani. Kuanzia hapo hakunijibu neno lolote kama watu wanavyojibiana.

Bolti zilikuwa zimeshikwa na kutu. Walizimwagia mafuta ya taa, wakangoja, wakachomeka bomba kwenye mkono wa spana ili wapate nguvu. Mbili zilikubali, mbili zikakatwa kwa msumeno. Dereva alilala chini ya gari muda wote, na reli ilipoachia walikuwa wameshaitegea tairi bovu ili iangukie hapo.

Hapo ndipo nilipouliza kwa nini winchi isikae juu ya reli. Kitako cha winchi kilikuwa bapa, na mgongo wa reli ulikuwa bapa.

"Mtani," fundi alisema, "kwenu mnakalia mbuzi mkikuna nazi. Basi usidhani kila chuma lazima kikaliwe."

Nilipouliza tena, alisema siku Wazaramo watakapoacha maswali, nazi zitajikuna zenyewe. Dereva alicheka kule chini ya gari. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya siku hiyo.

Jioni mkuu alikuja kukagua. Kwake fundi hakutania. Alimwambia pua ya gari haiwezi kubeba vyote viwili, achague. Mkuu aliitazama reli iliyolala kwenye tairi, akauliza kama winchi inaweza kuangusha ukuta. Fundi alisema inaweza.

"Basi," mkuu alisema. "Kusukuma au kuvuta, ukuta ni ukuta."

Kimoyomoyo nilikubaliana naye. Nguvu ni nguvu.

Tulifika kwa mama yule asubuhi, baada ya kujivuta mara moja kutoka kwenye tope. Winchi ilifanya kazi vizuri. Nyumba ilikuwa ndogo, na karanga zilianzia karibu kabisa na mlango. Mama alitoka akifuta mikono kwenye khanga. Tulimwamkia sote, mkuu na mgambo wawili pia, naye akaitikia marahaba kwa kila mmoja.

Winchi ile iliendeshwa na injini, hivyo dereva alibaki kwenye usukani. Mtu mwingine alitakiwa achukue ndoano, atembee na waya hadi kwenye nyumba, aifunge. Mkuu alimtazama mgambo wa kwanza. Huyo alisema yeye alipewa bunduki, hakupewa kamba. Wa pili alikuwa anafunga viatu.

Mkuu akaichukua mwenyewe. Alivuka karanga akiangalia pa kukanyaga, akafika kwenye nguzo ya kibaraza.

"Hiyo imeliwa na mchwa, mwanangu," mama alisema. "Itakatika na nyumba itabaki. Funga ile ya mninga."

Alimwonyesha. Kisha akamuuliza kwao ni wapi na kama wazazi wake ni wazima, kama mgeni yeyote anavyoulizwa. Mkuu alijibu, ndoano mkononi. Alisema mama yake yupo, baba alishafariki. Mama akampa pole.

Mkuu akautazama upande wa magharibi ambako wingu lilikuwa limejaa, akasema mvua ikitukuta ng'ambo hii ya mbuga hatutarudi mjini. Aliiacha ndoano kwenye majani. Dereva akawasha injini, akaurudisha waya taratibu, bila kumwangalia mtu. Siwezi kusema kama ilikuwa mama au wingu. Njiani mkuu alieleza kwamba watu wa huku watahamishwa baada ya mavuno, kana kwamba ndivyo ilivyopangwa tangu mwanzo.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mama alihama kiangazi, kwa lori, na magunia yake ya karanga, mlango, na ile nguzo ya mninga. Kijiji kipya hakukipenda. Bampa lilibaki nyuma ya gereji, kuku wakilala juu yake.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mkoa mwingine, niliona gari kama lile, na winchi ya aina ileile imekaa juu ya bampa la kipande cha reli. Fundi wa pale alishangaa nilivyolikodolea macho, nikikumbuka kicheko kile cha chini ya gari na mkuu akivuka karanga kwa miguu, ndoano mkononi. Aliniambia zote hufungwa hivyo kwa bolti nne, na kwamba reli ndiyo bora, kwa kuwa haipindi.