Mshumaa na Dawa ya Risasi

Mwaka ule wa mafua makali, kwenye zahanati moja huko Tshopo, muuguzi alipima pumzi zetu kwa mshumaa. Ukishindwa kuuzima, unachomwa sindano.

Jamaa mmoja, mpiganaji wa uasi uliopita, akajipiga kifua. "Mimi niliogeshwa dawa. Risasi ilikuwa inageuka mayi, maji matupu. Sindano ya nini?"

"Bon, haya papa. Zima," muuguzi akamwambia kwa heshima.

Akapuliza mara tatu. Mwali ukainama, ukasimama tena. Akakohoa mpaka machozi, kisha akaigeukia foleni kwa hasira. "Nani amenigusa? Dawa hii haitaki kuguswa na mtu, sasa imeharibika!"

Kwa kuogopa kusingiziwa kwamba tumemgusa, sote tukaachiana nafasi, hatua mbilimbili. Muuguzi alikuwa ametuomba hivyohivyo tangu asubuhi, lakini muuguzi alikuwa ametutishia kifo cha mafua tu, si lawama ya kuharibu dawa ya mtu.