Lengo la Vyanzo Viwili

Mimi si mtu wa kunyoosha mkono darasani. Nipo kidato cha tatu, na katika klabu ya maktaba nimepewa kazi ya kuandika kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na mdomo wangu haufunguki. Mwalimu wa maktaba alisema hivyo hivyo, tena mbele ya watu, na sikukasirika maana ni kweli.

Mthibiti ubora alipokuja shuleni kwetu hapa Nachingwea, alifungua andalio la somo la mwalimu huyo akapiga mstari mwekundu chini ya neno moja. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba mwanafunzi aelewe namna ya kutambua habari za kweli.

"Kuelewa unakupimaje, mwalimu?" aliuliza, na sisi tupo palepale tunapanga vitabu. "Una mizani?"

Mwalimu alicheka kidogo, cheko la mtu aliyeaibishwa mbele ya watoto. Mgeni alipoondoka akaniita. "Kaa hapa, mwanangu, tuandike kitu kinachoonekana. Mtu akijua kupima habari, anafanya nini ambacho mimi nitakiona kwa macho yangu?"

Nilijibu chini chini mpaka akaniambia nirudie. "Anatafuta mtu wa pili anayesema vilevile."

Akapiga meza. Tukaandika: hadi mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kutaja vyanzo viwili vinavyothibitisha habari aliyoipata. Kitendo kipo, idadi ipo. Mkuu wa shule akasaini, mimi nikainakili sentensi yangu kwenye karatasi ya manila kwa kalamu nene, nikarudi nyumbani najiona mtu.

Ulikuwa msimu wa kupuliza salfa, dawa ya ukungu, kwenye mikorosho. Wiki hiyohiyo simu za wazazi zilijaa sauti ya mwanaume mmoja akisema ng'ombe wa wafugaji wamekula majani yenye salfa, maziwa yao yamekuwa sumu, na kule Namungo, Ruangwa, watu wamelazwa. Sambaza kwa uwapendao. Mwalimu akaona hiyo ndiyo habari ya kufanyia zoezi. Shuleni haturuhusiwi simu, kwa hiyo tuliambiwa tukaulize nyumbani, tuje Ijumaa na vyanzo vyetu kwenye karatasi.

Jirani yangu wa dawati ni mtoto wa wafugaji. Walikuja na mifugo yao kutoka Kanda ya Ziwa, wanaishi upande wa Naipingo, na mama yake huleta maziwa mjini kwa baiskeli kila asubuhi. Ndiye mtu pekee shuleni ninayeongea naye bila kuyapanga maneno kwanza.

Ijumaa tukasoma mmoja mmoja. Chanzo cha kwanza grupu la ukoo, chanzo cha pili grupu la mtaa. Chanzo cha kwanza shangazi, cha pili fundi cherehani. Mwalimu anasema vizuri, mimi naweka vema kwenye jedwali. Ikafika zamu ya jirani yangu.

"Chanzo changu ni mama," alisema. "Yeye ndiye anakamua. Msimu huu ng'ombe wetu hawapiti kwenye mikorosho kabisa, wanapelekwa bondeni. Na yale maziwa sisi wenyewe tunakunywa kila siku."

"Chanzo cha pili?"

"Sina, mwalimu."

"Chanzo cha pili ng'ombe," mtu alisema nyuma. "Amlete aje atoe ushahidi." Darasa likacheka. Mwingine akasema, "Akija msimpe chaki, ataila," wakacheka zaidi.

Mwalimu aliwanyamazisha. Akatazama manila ukutani, akanitazama mimi. "Lengo linasema viwili," alisema, kama anayeomba radhi. Nikaweka kosa. Jirani yangu alikuwa anautazama mkono wangu.

Tulipotoka akaniuliza, "Umeniandikia kosa?"

"Mwalimu ndiye kasema."

"Nakuuliza wewe."

Nikalikunja jedwali mara mbili. Akaniambia mama yake siku tatu sasa anarudi na madumu yote yamejaa, na baba yake amesema mji ukiendelea kuwakataa watahamisha mifugo, waende mbele. Wakihama, shule ndiyo basi. Hakulia. Alisema tu, akafunga begi lake.

Hapa lazima niandike jambo ambalo sikumwambia mtu. Vyanzo vyangu viwili vilikuwa mama na shangazi. Mama alitumiwa ile sauti na shangazi, na nilikuwepo alipotumiwa. Ilikuwa sauti ileile ya mtu mmoja, na nilijua hivyo nikiwa nimeshika kalamu. Bado nilijiwekea vema.

Jumamosi niliomba simu ya mama nikampigia baba mdogo, ambaye ana duka Namungo karibu na machimbo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Wewe leo unapiga simu? Kuna msiba?"

"Hapana. Nauliza hao waliolazwa kwa maziwa. Unawajua?"

"Wa wapi?"

"Wa hapo kwenu."

"Hapa? Hapa hajalazwa mtu. Sisi tumesikia ni huko kwenu Nachingwea. Hata mama yako nilitaka nimwambie asinunue."

Jumatatu nilisimama mlangoni kwa mwalimu mpaka akachoka kuniona. "Ingia au toka," alisema.

"Mwalimu, sentensi yangu ni mbovu."

Nikamweleza yote, na ile vema yangu pia. Nilimwambia darasa zima tulifikia lengo kwa kumsikiliza mtu mmoja tusiyemjua, na aliyefeli ndiye pekee aliyekwenda kwa mwenye ng'ombe. Mwalimu alilivuta andalio karibu yake.

"Andalio limeshasainiwa," alisema. Kisha akaichana ile karatasi katikati. "Kaa."

Safari hii ilituchukua vipindi viwili. Tulifuta mara nyingi. Mwisho tukaandika kwamba kila mwanafunzi aweze kuonesha habari ilipitia kwa nani na nani hadi kumfikia, na aseme kama yupo kati yao aliyeona mwenyewe.

Ijumaa tulirudia zoezi. Grupu la ukoo likaishia kwa shangazi wa mtu, shangazi akaishia kwa dereva, dereva hakumbuki. Aliyemwona mgonjwa hakupatikana. Vicheko vilipungua. Mwalimu akasema mbele ya wote kwamba wiki iliyopita yeye alipima vibaya. Kwenye safu ya "aliona mwenyewe" niliweka vema moja tu, ya jirani yangu, nikamwonesha.

Aliitazama. "Sasa hii mama akaifanyie nini?" aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya.

Nyumbani nilimweleza mama. Akasikiliza huku anapepeta mchele. "Sikatai," alisema. "Lakini mimi mwenyewe nilituma kwenye grupu. Nitaanzaje?"

"Waambie hukuona."

"Waambie wewe, fundi wa sentensi." Akanipa simu.

Nikaandika: Habari ya maziwa niliyotuma sikuiona mwenyewe, na Namungo nimeuliza, hakuna aliyelazwa. Mama alisoma mara mbili, akabadilisha ionekane haijulikani nani alituma, ndipo akaruhusu iende. Chini yake mtu akaweka picha ya jezi. Mwingine akauliza mechi saa ngapi. Juu ya maziwa hakuandika mtu. Asubuhi mama alichemsha chai ya rangi, na nilipomtazama akasema tusubiri kwanza wengine waanze kununua maziwa.

Jana jirani yangu alikuja maktaba kurudisha vitabu. Alileta vyote vitatu, hata kile ambacho hajafika katikati. Nilimwambia siku zake bado, anaweza kukaa nacho.

"Najua," alisema, akanisogezea daftari la kurejesha nimwandike.