Koleo na Nusu ya Pua

Kinyozi huyu watu walimwita Koleo, na jina hilo hakulikataa. Alilivaa kama cheo. Lilitokana na vidole gumba vyake viwili. Mteja akishanyolewa, Koleo humlaza kichwa nyuma, humfunika uso kwa taulo la maji ya moto, hungoja kidogo, kisha huvileta vidole vile puani na kuanza kukamua chunusi nyeusi, moja baada ya nyingine, mteja machozi yakimtoka. Mwisho humpa karatasi laini aone kwa macho yake kilichotoka. Hapo ndipo palipokuwa na utamu wote. Walikuwepo watu wazima, wenye heshima zao, waliokuja kunyoa nywele ambazo hata hazijaota, ilimradi waione ile karatasi.

Na Koleo aliwahitaji waje, maana ng'ambo ya barabara palikuwa na saluni mpya yenye viti vya ngozi, kiyoyozi na televisheni ukutani. Koleo alikuwa na kiti kimoja kilicholia kila kikizungushwa, na feni iliyozunguka ikijisikia. Kushindana na kiyoyozi hakuweza. Vidole vyake ndivyo vilivyomshikia wateja, naye alilijua hilo vizuri mno.

Sasa balaa ni kwamba mkewe aliuza dawa katika duka la mtaa wa pili. Jumatatu moja mwalimu wa hesabu aliingia dukani humo, pua imemvimba upande mmoja na kuiva kama nyanya.

"Nani amekufanya hivi, mwalimu?"

"Mumeo, mama."

Jioni hiyo Koleo hakupewa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Uchafu lazima utoke," alijitetea.

"Nani kakwambia ni uchafu? Ni mafuta ya ngozi na ngozi iliyokufa, vimeziba kitundu. Vikikutana na hewa vinageuka vyeusi. Wewe unavisukuma ndani na kuwachana watu ngozi."

"Miaka kumi na tisa nakamua, hajafa mtu."

"Na hiyo pua yako je? Miaka kumi na tisa unaikamua, mbona imejaa vilevile?"

Hapo alimpata. Pua ya Koleo ilikuwa pana, ya kuheshimika, na imetapakaa vidoti kama iliyonyunyiziwa pilipili manga. Na kwa kuwa ni mtu asiyekubali kushindwa hata na redio, akaropoka kwamba waweke dau papo hapo, juu ya pua hiyohiyo.

Asubuhi mkewe alichukua wanja, akamchora mstari kutoka katikati ya nyusi hadi nchani. Kushoto kwa Koleo, kulia kwa mkewe, wiki nane. Koleo akishindwa, ataacha kukamua na kuwatangazia wateja wote. Mke akishindwa, hatalitaja tena jambo hilo, na yeye mwenyewe atalala kwenye kile kiti akamuliwe. Mwamuzi atakuwa mwalimu wa hesabu, mtu aliyezoea kutompendelea mtu.

Basi ikawa kila jioni Koleo anakaa kwenye kigoda bafuni kama mtoto wa chekechea, mkewe anamnawisha nusu ya pua kwa sabuni laini ya uso, bila kusugua, anaikausha kwa kuibonyezabonyeza na taulo, kisha anapaka dawa yake ya salisiliki, ile ya kuzibua vitundu vya ngozi, kidogo tu, siku moja anapaka na siku moja anaruka mpaka ngozi izoee. Halafu losheni isiyo na mafuta. Asubuhi ananawisha tena na kupaka krimu ya kuzuia jua. Koleo alinung'unika kila mara, lakini tuseme ukweli: miaka mingi ilikuwa imepita bila mkewe kumshika uso namna ile, na hakuwahi kuchelewa kukaa kwenye kigoda.

Upande wake mwenyewe hakuuonea huruma. Aliukamua, akaupaka limau, akaulaza na dawa ya meno, asubuhi akaukamua tena. Wiki ya kwanza uling'aa, naye akatembea kifua mbele. Wiki ya pili ulivimba. Wiki ya tatu ulikuwa na kidonda na uvimbe wa kuuma hata akicheka, na kinyozi ana kioo mbele yake kutwa nzima, hana pa kuukimbia uso wake. Alivaa barakoa akasingizia mafua. Wateja wakawa wanachungulia.

"Koleo, ni hivyo unavyotufanya na sisi?" mmoja akauliza. Siku hiyohiyo Koleo alimwona akivuka barabara.

Maji yalimfika shingoni. Mkewe alipotoka kwenda kazini, Koleo aliingia bafuni, akaichukua chupa ya dawa na kujipaka kushoto. Na kwa kuwa alikuwa na haraka, alijipaka kama mtu anayepaka siagi mkate, kutwa mara tatu, na juu yake akamalizia na spiriti ya kinyozi kwa mazoea ya kazi. Siku nne baadaye pua ikaanza kubambuka, magamba yanamdondokea mteja shingoni.

"Chokaa ya dari hiyo," akasema Koleo, akampangusa kwa taulo.

Akaona bila maelekezo ataumbuka. Saa ya chakula cha mchana alinyemelea duka la mkewe, akajibanza nyuma ya rafu ya nepi. Mkewe alikuwa akimhudumia binti mmoja, na sauti yake, sijui kwa nini, ilipanda ghafla hadi ikasikika barabarani.

"Kidogo kama punje ya maharage, uso mzima! Ukizidisha ngozi inabambuka! Kidonda kikiwepo, subiri kwanza kipone! Usikamue! Limau na dawa ya meno visikaribie uso! Spiriti ndiyo kabisa! Na vumilia, si jambo la siku mbili!"

"Nimekusikia, mama, niko hapahapa," binti akasema kwa mshangao.

Koleo alitoka kinyumenyume, ameshayashika yote. Kuanzia hapo aliacha kidonda kipone, kisha akaufuata utaratibu kwa siri, neno kwa neno. Chupa ilipokaribia kwisha aliogopa atagunduliwa, lakini ajabu, kesho yake alikuta nyingine rafuni, kubwa zaidi. Akaishukuru bahati yake, masikini.

Wiki ya nane ilipotimia, kinyozini palijaa. Mwalimu alivaa miwani, akaishika pua ya Koleo kwa ncha za vidole, akaigeuza huku na huku karibu na dirisha. Mkewe alisimama mlangoni na sare yake ya duka la dawa, mikono kifuani.

"Kulia pamesafishika sana," alisema mwalimu. "Lakini kushoto, ndugu zangu, sina budi kusema ukweli. Kushoto hakuna tofauti na kulia. Tena pengine pamezidi kidogo kwa usafi. Koleo ameshinda."

Watu walipiga makofi. Koleo akamtazama mkewe, akitarajia hasira. Mkewe akasema tu, "Hongera, baba watoto."

Kabla Koleo hajajibu, mwalimu alikuwa amevua miwani na kukaa kwenye kiti. Pua yake ilikuwa imepona, ikabaki alama ndogo nyeusi pale ilipochanika.

"Nilikulaumu bure," alisema, akilaza kichwa nyuma. "Kama ya kwako imestahimili wiki nane, tatizo lilikuwa langu. Nikamue, ndugu yangu. Na wengine wapange foleni."

Foleni ikapangwa kweli. Yule aliyevuka barabara alikuwa wa tatu. Koleo alichovya taulo kwenye maji ya moto, akalikamua, akamfunika mwalimu uso, akangoja kidogo kama kawaida yake. Alipolifunua, mwalimu alikuwa amefumba macho, ametulia, na ile alama ikimkodolea Koleo macho kwa niaba yake. Vidole vikainuka, vikafika karibu na pua, vikagoma. Koleo aliona aibu, aibu ya kweli.

"Mwalimu, inuka."

"Kwani kuna nini?"

"Inuka, nakwambia. Nenda kwa mke wangu akupe sabuni ya uso na ile dawa. Punje ya maharage, siku upake, siku uache, halafu losheni. Usiguse kwa kucha. Na wewe, na wewe, nendeni wote."

Mwalimu alikaa wima, maji yakimtiririka kidevuni, akapiga hesabu zake.

"Kwa hiyo umeshindwa?"

Koleo hakuthubutu kuangalia mlangoni.

"Nilishindwa tangu wiki ya tatu," alisema.