Kabureta Jikoni Kwangu

Mume wangu alikuwa na vidole vya treni. Kwa miaka mingi alifanya kazi katika karakana ya reli hapa Kalemie, akifunga na kufungua nati kubwa kama kikombe, mpaka mikono yake ikachukua umbo la kazi ile: mipana, mizito, isiyojua kitu kidogo. Treni zilipopungua, ikawa moja kwa wiki, halafu moja siku Mungu akipenda, aliacha, akaanza kazi yake mwenyewe barazani kwetu: kutengeneza pikipiki.

Wakati ule wa Zaire pikipiki mpya ilikuwa kitu cha kusikia tu. Zilizokuwepo ni zile zilizoachwa na Wabelgiji, za mapadri, za wapima ardhi, za waganga, na nyingine zilinizidi umri. Vipuri vyake havikuuzwa tena popote. Kilichoharibika hakikubadilishwa, kilifufuliwa. Na kilichoharibika mara nyingi kuliko vyote ni kabureta, kile kichupa cha chuma ambamo petroli hukutana na hewa kabla ya kuingia katika injini. Petroli yetu ilifika kwa mapipa, ina maji, ina kutu, siku nyingine ina mende, na takataka zote zilikwenda kulala ndani ya kabureta.

Mume wangu alijua kila jambo la kabureta isipokuwa kuishika. Angeweza kukueleza kwa saa nzima inavyofanya kazi. Lakini akiifungua, skurubu ndogo zilimkimbia kama panzi.

Siku moja nilimkuta amepiga magoti uani, anachekecha mchanga kwa chekecheke yangu ya unga wa bukari, ugali wetu wa muhogo.

“Papa, unafanya nini na chekecheke yangu?”

“Natafuta visi.”

“Visi gani?”

“Ndogo.”

“Na sisi leo tutakula bukari ya mchanga?”

Jasho lilikuwa linamtoka puani. Nikaiona hiyo visi, skurubu moja ndogo, karibu na goti lake, nikaiokota, nikasema kwa hasira tu, wala si kwa ujuzi: “Leta hiyo kabureta hapa.”

Mimi nilikuwa mshonaji. Kutia uzi katika sindano, kukamata kifungo kisichoonekana, hayo yalikuwa maisha yangu. Yeye alisema, mimi nikafanya: toa hiki, osha hiki, puliza pale. Jioni ile pikipiki ya mteja iliwaka. Mume wangu aliitazama injini, akanitazama mimi, akatazama barabarani kama kuna aliyeona.

Tangu siku ile tulikuwa na mapatano. Yeye anaifungua kabureta kwenye pikipiki, anamwambia mteja, “Naipeleka ndani, huku kuna vumbi,” kisha anaifunika kwa kitambaa safi na kuibeba kwa mikono miwili, taratibu, kama padri na sakramenti. Ndani maana yake jikoni. Mimi naitengeneza kati ya sufuria na kinu, naye anairudisha na kupokea sifa. “Huyu papa ana mukono mwepesi,” watu walisema. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nauma khanga nisicheke.

Sitasema sikukosea. Mwanzoni nilizibua jikleri kwa sindano ya cherehani. Jikleri ni kipande kidogo cha shaba ya njano, si kikubwa kuliko punje ya mahindi, chenye tundu jembamba linalopima petroli. Sindano yangu ililipanua lile tundu, na pikipiki ya muuguzi mmoja ikaanza kunywa petroli kama harusi inavyokunywa pombe, inatoa moshi mweusi mtaa mzima. Mume wangu alimwambia muuguzi kwamba injini inatapika ugonjwa wa zamani. Muuguzi, mtu wa kazi hiyo, alikubali. Ilibidi nizibe tundu kwa risasi ya kuchomelea na kulitoboa upya, na toka hapo nilitumia ujiti wa ufagio tu.

Siku nyingine nilihitaji karatasi ngumu ya kuweka kati ya vipande viwili vya kabureta ili petroli isivuje. Nilikata kalenda ya zamani. Mume wangu alipogeuza kile kipande akaona upande wa pili kuna sikio la mkubwa wa nchi, alikwenda kufunga mlango.

“Mama, unataka kutufunga?”

“Liko ndani. Nani atalifungua?”

“Wakilifungua?”

“Wataona anatusikiliza.”

Hakucheka. Lakini alilifunga, na pikipiki ile ilitembea miaka.

Mambo yalitufikia siku alipokuja mukaguzi wa shule. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyevaa abakosi, ile suti ya Zaire isiyo na tai, iliyopigwa pasi hata mgongoni, na walimu wa mji mzima walimwogopa kuliko ukame. Pikipiki yake ya zamani ilikuwa inazimika kila kilima. Mume wangu alimwambia aiache, arudi kesho.

“Hapana, sitwayeni,” alisema mukaguzi, yaani mwananchi, kama tulivyoamriwa kuitana wakati ule. “Nitangojea.” Akakaa kwenye kiti chetu kizuri, akafungua daftari.

Basi kabureta ikaja jikoni chini ya kitambaa. Nilikuwa na sombe motoni, majani ya muhogo niliyotwanga asubuhi, karibu kuiva. Nikaondoa mfuniko wa sufuria, nikapanga vipande vyote juu yake. Wakati huo huo kuku wangu mwekundu, aliyekuwa na tabia ya kupita katikati ya mambo ya watu, aliruka kutoka dirishani, akatua juu ya mfuniko. Vipande viliruka kila upande.

Nilivipata vyote isipokuwa jikleri. Nilipekua majivu, nikapekua kuni, nikajipekua nywele. Mume wangu aliingia kuniuliza, nikamwambia. Alisimama akimtazama kuku. Kuku naye alikuwa anameza kitu.

“Njo yeye, ndiye aliyemeza,” mume wangu alinong’ona.

“Papa, huyu anataga.”

“Mama, mukaguzi yuko barazani.”

Tulimchinja. Tulipasua firigisi mbele ya moto kama wapelelezi, tukakuta pumba, mawe matatu na kifungo cha shati nilichokitafuta tangu Pasaka. Jikleri hakuna. Sasa tulikuwa na pikipiki mbovu, kuku aliyekufa bila kosa, na mgeni mwenye njaa. Nikampika kuku. Mume wangu akaenda barazani kumwambia mukaguzi kwamba kazi ni ndefu kidogo, lakini atakula kwanza.

Nilipeleka bukari, kuku na sombe, nikarudi nyuma ya mlango. Mukaguzi alinawa, akasali, akala kwa utaratibu. Alisifu kuku. Akachukua tonge la tatu, akachovya kwenye sombe, akatafuna.

Sauti ile niliisikia mpaka jikoni: ka!

Alitoa kitu mdomoni kwa vidole viwili. Alikifuta kwa leso, akakiinua kwenye mwanga, akafumba jicho moja na kuchungulia katika tundu lake.

“Sitwayeni,” alisema, “hii njo jikleri.”

“Njo yenyewe,” alisema mume wangu.

“Ya pikipiki gani?”

“Ya yako.”

“Na ndani ya sombe ilifikaje?”

Nilimwona mume wangu anatazama bati la paa, halafu anatazama mikono yake. Nilijua uongo wake wote na nikawa nangoja atachagua upi. Alikohoa.

“Mwenye kupika,” alisema, “njo mwenye kutengeneza. Mimi nafungua na kufunga. Kazi ya katikati, yote, ni ya muke wangu.”

Mukaguzi aliniita. Nilitoka na unga kwenye viwiko, nikasimama mbele yake kama mwanafunzi wa darasa la pili. Naye, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kuzungumza na watu, alinipa mtihani.

“Boya lililo ndani ya kabureta lina kazi gani?”

“Ni kama boya la wavu, Papa. Petroli ikipanda nalo linapanda, linafunga mulango. Ikishuka linafungua.”

“Tundu la jikleri unasafisha na nini?”

“Na ujiti wa ufagio. Chuma hapana, kinapanua.”

“Nani alikufundisha?”

“Papa huyu, kwa mudomo. Yaliyobaki, nilikosea mpaka nikajua.”

Aliandika kitu katika daftari lake, kweli aliandika. “Nane juu ya kumi.”

“Na mbili zimekwenda wapi?”

Akagusa shavu. “Ziko hapa kwenye jino.”

Niliiosha jikleri, nikaimalizia kazi pale pale barazani, mbele ya macho yake. Pikipiki iliwaka kwa teke la pili.

Siku mbili mume wangu hakuwa na maneno mengi. Nilidhani ameona haya, nami niliumia, maana tulikuwa tumezoea kucheka pamoja. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta anabeba kigoda changu kutoka jikoni kwenda barazani. Alikiweka karibu na cha kwake, akakijaribu kama hakitikisiki.

“Unafanya nini?” nikamuuliza.

“Kule kuna sombe,” alisema.

Nikakaa. Wateja wa kwanza waliduwaa. Mmoja alichukua pikipiki yake akaondoka, akarudi baada ya juma moja anaisukuma.

Taabu ilitoka upande ambao sikuutazamia. Walimu wanne walikuja nyumbani, wamevaa vizuri kama watu wa msiba.

“Mama, umetuua,” alisema mkubwa wao. “Zamani tulisikia ile pikipiki toka mbali, inakohoa, tunapata wakati wa kufuta ubao na kupanga watoto. Sasa inapita kama paka. Jana alinikuta nanyolewa darasani.”

“Mnataka nini?”

“Irudishe kidogo tu. Ikohoe.”

Nilikataa. Si kwa ajili ya mukaguzi. Mikono yangu ingekataa kuharibu kitu ilichokitengeneza. Waliondoka wamenuna. Mume wangu aliwasindikiza mpaka njiani, akakawia kurudi.

Kumbe huko njiani alifanya mapatano yake na walimu. Mukaguzi alituletea pikipiki kila alipotaka kuanza safari ya shule, nami niliisafisha. Kisha mume wangu, ambaye zamani hakuijaribu pikipiki zaidi ya hatua kumi, akaipanda “kuijaribu” na kuzunguka mji wote, kupita mbele ya kila shule, anapiga honi.

Mukaguzi aliniambia siku moja, akiwa na furaha ya kweli, kwamba tangu pikipiki yake ipone, walimu wa Kalemie wamebadilika sana. Nilimkaribisha bukari na sombe. Alishukuru, akaomba maharagwe.