Deki ya Shangazi Eneida

Eneida Rodiles haamini mtu, na kusema kweli, kwa hilo alilipwa mshahara maisha yake yote. Miaka thelathini na moja alikalia kiti kimoja katika kiwanda cha sigara za kusokotwa kwa mkono hapa Santa Clara, Kuba, kazi yake kukagua. Sigara anaibinya kwa vidole viwili, anaizungusha mara moja, halafu neno moja tu: "Imepita," au "Rudisha." Wasokotaji walimwogopa kuliko meneja. Alipostaafu, roho yake haikustaafu. Mkate wa mgao aliubinya, kahawa, ambayo kwetu huchanganywa na njegere za kusagwa, aliinusa kujua zimezidi kiasi gani, na kwa muuza nyama alitazama mikono, uso hata hakuujali.

Mtu mmoja tu alikuwa hakaguliwi: Yanelis, binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu ana miaka sita. Yanelis sasa anaishi mtaa wa pili, na kila Jumatatu alikuja na kompyuta yake pamoja na flashi yenye vipindi vya wiki, vile ambavyo nchi nzima tunanakiliana mkono kwa mkono. Anaunganisha kompyuta kwenye televisheni, na wawili hao wanakaa kuitukana tamthilia ya Kibrazili mpaka maharage meusi yaive.

Jumatatu moja ya Machi akaja bila kompyuta. Alikuja na deki ndogo, nyeusi, haizidi kiberiti cha jikoni kwa ukubwa.

"Hii ni yako, Shangazi. Unachomeka flashi hapa, unaangalia mwenyewe saa unayotaka."

Eneida aliibinya. "Na hiki kijicho chekundu mbele kinamwangalia nani?"

"Kinapokea rimoti, jamani!"

"Ndivyo walivyokuambia dukani." Akakifunika kwa kitambaa cha vyombo, kisha akashangaa kwa nini rimoti haifanyi kazi.

Deki ile haikumaliza siku. Umeme ulikatika saa tano kama kawaida yake, uliporudi deki ikawa imesahau kila kitu, inauliza maswali kwa Kichina. "Rudisha," akasema Eneida. Jumatatu iliyofuata ikaja nyingine, vitufe vyake kama punje za mchele, arobaini na tatu kwa hesabu. "Rudisha."

Ya tatu, Yanelis alikuwa amehangaika. Alizunguka kwa wauzaji wa majumbani siku nne, kila mlango akiuliza jambo lile lile: umeme ukirudi, inaendelea pale ilipoishia, yenyewe, bila kuguswa? Akaipata. Rimoti akaizungushia utepe wa gundi, ukafunika vitufe vyote isipokuwa viwili: cha kuwasha na kuzima akakipaka rangi ya kucha nyekundu, cha kuchagua nyeupe.

"Sasa sikiliza, Shangazi. Ukiweza mwenyewe mara tatu, mimi sigusi kitu, basi nimemaliza kazi."

Maneno hayo yakamchoma Eneida mahali. Umemaliza kazi gani? Mtu anayekuja kila Jumatatu ana haraka gani ya kumfundisha bibi wa miaka sabini na minne?

Yanelis alipoondoka tu, Eneida akamwita jirani yake Migdalia dirishani, mwanamke ambaye habari za mtaa zinamfikia kabla hazijatokea.

"Hebu niambie. Yanelis ameuza nini mwezi huu?"

Migdalia akajifanya anaanika shuka. "Feni. Na baiskeli. Na vile viti viwili vya bembea. Lakini mimi sijasema kitu."

"Hujasema."

"Ila nikuambie, Eneida, anayekununulia kitu cha kujiwashia mwenyewe, hana mpango wa kuja kukuwashia."

Kwetu hapa anayeondoka nchini hatangazi. Anauza vitu kimoja kimoja, anacheka na watu, na siku moja unaambiwa yuko ng'ambo. Wanasema safari ikitajwa inaharibika. Eneida aliyajua hayo. Watu wengi wamemwondokea kwa mtindo huo. Lakini Yanelis? Mtoto ambaye Eneida alimchana nywele kwa mikono yake mwenyewe? Alikaa mbele ya televisheni, akabonyeza chekundu, akabonyeza cheupe. Ilimchukua dakika kumi kuielewa deki yote. Vidole vyake havikuwa vimezeeka hata kidogo.

Na humo ndani ya flashi aliyoachiwa akakuta mafaili ya tamthilia, ya wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaendelea kushuka. Yalikuwa arobaini. Mtu atakayerudi Jumatatu anakuwekea wiki moja. Arobaini anakuwekea nani?

Eneida alikaa kitako, mikono mapajani. Halafu akakata shauri. Yanelis alisema mara tatu, si ndiyo? Basi hataziona hizo mara tatu.

Jumatatu iliyofuata akabonyeza cheupe badala ya chekundu. "Macho, mwanangu." Jumatatu ya pili akaishika rimoti kichwa chini miguu juu. "Mikono, mwanangu. Uzee huu!" Yanelis akamfundisha upya, taratibu, sauti ikiwa imechoka, na kila alipoondoka bila kumaliza kazi, Eneida alijisikia ameshinda, na aibu ikamtafuna palepale. Akimaliza kumsindikiza mlangoni, anarudi kuwasha. Mchana kutwa alikagua yale mafaili, moja baada ya jingine, mpaka la arobaini.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Jumatatu ya tatu walikuwa mezani, wali na maharage, televisheni imewashwa na Yanelis mwenyewe, yule tajiri mwovu wa tamthilia anafoka.

"Huyu," Yanelis akasema, "mwisho atatubu, utaona."

"Atubu wapi!" Eneida akaropoka, kijiko hewani. "Mkewe anamsukuma ngazini, anakufa na kiatu kimoja!"

Yanelis akaweka uma chini polepole.

"Shangazi, hiyo iko wiki ya tisa."

Eneida akatafuna ingawa mdomoni hamkuwa na kitu.

"Unaweza! Tangu lini unaweza? Mimi nahangaika hapa kama mjinga, nimebadilisha tiketi mara mbili kwa ajili yako—"

Akajiziba mdomo. Amechelewa.

"Tiketi ipi?" Eneida akauliza, ingawa alijua.

"Ya Ijumaa."

"Ijumaa hii?"

"Hii."

"Na ungeniambia lini? Ukiwa mawinguni?"

"Ungenishika mguu, Shangazi. Unajua ungenishika."

"Ningekushika!" Eneida akapiga meza, maharage yakaruka. "Ningekushika miguu yote miwili! Na ungekwenda vilevile, kwa sababu hapa huna la kufanya, nalijua, mimi si mpumbavu. Lakini unanipa kisanduku, Yanelis? Mtu mzima hadanganywi kwa tamthilia."

Yanelis alikuwa analia, pua inamvuja kama alivyokuwa na miaka sita.

"Nimeyafungua yote," Eneida akasema, sauti imeshuka. "Yote arobaini. Unadhani nilikuwa namtafuta yule tajiri? Nilisema huyu mtoto lazima amejificha humo. Amejirekodi, ameniachia neno. Nikapekua mpaka mwisho. Hakuna hata sura yako."

"Nilijirekodi," Yanelis akasema. "Mara sita. Kila mara naanza kulia, nafuta."

Hapo umeme ukakatika. Televisheni ikazimika, feni ikapunguza mwendo mpaka ikasimama, na mtaa mzima ukaguna kwa pamoja kama unavyoguna kila siku saa kama hizo.

"Basi liseme hilo neno sasa," Eneida akasema. "Hakuna anayerekodi."

Yanelis akaanza. Alianza vibaya, kwa habari za viza na nyumba ya rafiki atakakofikia, kisha akarudi nyuma, kwenye siku aliyoletwa hapa na kiroba cha nguo na Shangazi akakipekua chote kabla ya kumkumbatia. Eneida akacheka huku machozi yanamtoka. Yanelis akaendelea. Alisema yale ambayo watu wa ukoo ule hawajawahi kuambiana mezani, wala popote.

Katikati ya sentensi umeme ukarudi. Deki ikajiwasha yenyewe, kwani ndiyo sababu ilichaguliwa, na yule tajiri akaendelea kufoka pale alipoishia.

Eneida hakugeuza kichwa. Mkono wake ukaenda kwenye rimoti, kidole kikapapasa kikapata chekundu, na deki ikazimika.

"Moja," akasema. "Bado mbili. Endelea, mwanangu, nakusikiliza."